Sura ya Sita: Fuata Njia ya Mafuta

Pikapu nyingi za zamani zinazobeba mizigo kwenye barabara za vumbi za Tanzania na Kenya ni Toyota Hilux zenye injini za familia ya L: 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0. Katika sura hii nazungumzia zile zisizo na turbo wala kompyuta ya kuongoza mafuta. Zina silinda nne, pampu moja inayogawa dizeli, nozeli nne na waya chache. Zimebeba vitunguu, saruji, mbuzi, na usiku wa manane zimewahisha wajawazito hospitalini. Gari la namna hii ni mtaji wa familia nzima, na likilala gereji, familia nzima hulala nalo.

Ndiyo maana inaniuma kuona mwenye gari akiambiwa, kabla hata boneti halijafunguliwa vizuri, kwamba pampu imekwisha. Pampu inashushwa, fedha za ada ya shule zinaondoka, gari linarudi barabarani, na baada ya siku chache tatizo liko palepale. Pampu ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni kipande cha mpira kilichopasuka karibu na tangi.

Nataka msomaji wa sura hii aondoke na kanuni moja: pampu iwe ya mwisho kufunguliwa. Kabla ya kuifikia, dizeli imepita njia ndefu kutoka tangini, na kila sehemu ya njia hiyo inapimika kwa vifaa vya bei ndogo. Pima kwanza, ndipo ubadilishe.

Injini inataka nini

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Pistoni inapopanda hukandamiza hewa hadi ibaki takriban sehemu moja kati ya 22 ya ujazo wake, na kwa kukandamizwa huko joto la hewa hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli inaponyunyizwa ndani ya joto hilo huwaka yenyewe. Basi injini hii inataka vitu vitatu tu: hewa ya kutosha, kompresheni ya kutosha, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Kila ugonjwa utakaoutaja utakuwa umeharibu kimojawapo kati ya hivyo, na kazi ya kwanza ya mpimaji ni kujua ni kipi.

Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila nozeli hunyunyiza mara 1,000 katika dakika hiyo. Kila mnyunyizo ni wa tone dogo mno, na lazima utoke kwa shinikizo linalozidi mara 100 shinikizo la hewa tunayovuta. Hewa ikiingia kwenye mafuta, hesabu hiyo huvurugika mara moja, kwa sababu dizeli haibonyei kirahisi ila hewa hubonyea. Pampu inasukuma, hewa inajikunja ndani ya bomba, na nozeli haifunguki.

Upepo unaoingia bila dizeli kutoka

Kwenye injini hizi hakuna pampu tangini ya kusukuma dizeli mbele. Pampu ya nozeli yenyewe ndiyo inayonyonya, kupitia mabomba marefu chini ya gari na kupitia filta. Hapa ndipo wengi hupotea. Tumezoea kutafuta uvujaji kwa kuangalia palipolowa, lakini upande wa kunyonya, tundu dogo huingiza hewa wakati injini inafanya kazi na huenda lisitoe hata tone moja la dizeli. Unaweza kulala chini ya gari ukapapasa kila kiungo, ukakuta pakavu, ukaamini pako salama, kumbe hapo hapo ndipo injini inapovutia upepo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Juu ya filta kuna kipampu cha mkono, kile cha kubonyeza kwa kidole gumba. Jioni, baada ya kuzima gari, kibonyeze hadi kiwe kigumu. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, kibonyeze tena. Kikiwa bado kigumu, mafuta yamebaki mahali pake usiku kucha. Kikiwa laini na kinadundadunda, hewa imeingia na dizeli imerudi tangini.

Kipimo cha pili ni cha macho. Nunua mpira unaoonesha ndani, ule mgumu usioyeyuka kwa mafuta, urefu wa mkono mmoja. Uunge kati ya filta na pampu ya nozeli, ukaze klempu pande zote mbili, toa upepo kwa kipampu cha mkono, kisha washa gari. Mapovu machache yatapita mwanzoni, nayo ni masalia ya kazi uliyofanya. Subiri hadi yaishe, kisha mwambie mwenzako akanyage mafuta taratibu huku macho yako yakiwa kwenye mpira. Dizeli nzuri hupita kimya, ya rangi moja, kiasi kwamba utadhani haitembei. Ukiona mnyororo wa mapovu madogo unaoongezeka kila mafuta yanapokanyagwa, hewa inaingia kabla ya hapo. Sasa hamishia mpira huo kabla ya filta. Mapovu yakitoweka, tatizo ni filta au kichwa chake: raba ya duara iliyokaa vibaya, koki ya kutolea maji isiyofunga, au kipampu cha mkono ambacho mpira wake wa ndani umechoka. Mapovu yakibaki, rudi nyuma kuelekea tangini, kiungo kwa kiungo, ukiangalia hasa pale mpira unapokutana na bomba la chuma lililoshika kutu.

Kipimo cha galoni

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mwenye pikapu kipimo kimoja tu, ningemfundisha hiki. Chukua galoni safi yenye dizeli safi. Ifunge mahali imara palipoinuka kidogo kuliko pampu, mbali na ekzosi. Chomoa bomba linalotoka tangini kabla ya filta, na badala yake unga mpira unaonyonya kutoka kwenye galoni. Bomba la marejeo nalo lielekeze ndani ya galoni hiyo hiyo, maana pampu hurudisha mafuta mengi ambayo haikuyatumia. Toa upepo, washa, liache gari lingurume, kisha liendeshe kwa mwendo mfupi mahali salama.

Kipimo hiki kinaikata njia vipande viwili. Gari likipona, yaelekea pampu na nozeli hazina kosa, na ugonjwa uko kwenye tangi, bomba au chujio la ndani ya tangi. Likibaki vilevile, tangi limesafishwa jina, na unaendelea mbele kwa filta, nozeli na pampu. Kwa galoni moja na nusu saa umejua upande wa kufanyia kazi, na hakuna nati ya pampu iliyoguswa.

Inachoka mlimani

Chukua pikapu iliyopakia vitunguu Ruaha Mbuyuni ikipanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Mlima unapoanza kukaza, nguvu zinapungua, dereva anarudisha gia, anakanyaga hadi mwisho, na gari linazidi kulegea. Akisimama dakika kumi pembeni, linaondoka tena vizuri kwa muda mfupi, kisha linachoka.

Dalili hiyo ina maana yake. Kwenye tambarare injini inahitaji mafuta kidogo, na hata njia iliyoziba nusu inatosha. Mlimani inataka mengi, na njia haitoshi. Kusimama kunalipa bomba muda wa kujaa tena. Anza na filta ya dizeli, kisha fungua mfuniko wa tangi: ukisikia tangi linavuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na pampu ilikuwa inapambana na tangi lililofungwa. Baada ya hapo angalia chujio la ndani ya tangi, ambako kutu, vipande vya plastiki na utelezi mweusi hukusanyika. Utelezi huo ni vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli, na vikishazaliana vinaziba filta mpya kwa muda mfupi. Dawa yake ni kushusha tangi, kulisafisha na kulikausha kabisa. Kubadilisha filta bila kusafisha tangi ni kununua filta nyingine wiki ijayo.

Usisahau hewa. Filta ya hewa iliyojaa vumbi huleta uchovu uleule wa mlimani, ila inajitangaza kwa moshi mweusi. Gari linalochoka bila moshi limekosa mafuta. Linalochoka huku likitoa moshi mweusi limekosa hewa, au nozeli zake zinamwaga vibaya.

Haiwaki asubuhi ya baridi

Makete, Njombe au Limuru mwezi wa Julai, chuma kinalala na baridi. Hewa inayokandamizwa inapoteza joto kwenye kuta za silinda kabla ya kufika kiwango cha kuwasha dizeli. Kazi ya kuziba pengo hilo ni ya plagi za kupasha joto, nne, moja kila silinda. Zikifa mbili, gari litazunguka muda mrefu likitoa moshi mweupe unaochoma macho, kisha litawaka likitetemeka, na baada ya dakika moja au mbili litatulia. Moshi huo mweupe ni habari njema: dizeli inafika, ila haiwaki. Kama stata inazunguka na hakuna moshi wowote, rudi kwenye njia ya mafuta.

Plagi hupimwa kwa taa ya volti 12. Ondoa kipande cha chuma kinachoziunganisha zote, unga taa kwenye chanya ya betri, na gusa kichwa cha kila plagi kwa waya wa pili wa taa. Inayowasha taa haijakatika. Isiyowasha imekufa. Zikiwa nzima zote, pima kama umeme unazifikia ufunguo unapowashwa, kwa sababu rilei nayo hufa. Betri dhaifu pia huleta tatizo hili hili: stata ikizunguka kwa uvivu, hewa inavuja kupita ringi kabla haijapata joto.

Naomba sana jambo moja. Usimwage petroli wala kupulizia kemikali ya kuwashia kwenye mdomo wa hewa wa injini yenye plagi za kupasha joto. Mlipuko unaweza kutokea mapema pistoni ikiwa bado inapanda, ukavunja pistoni au ringi, na moto ukamrudia aliyesimama mbele.

Imezima ghafla

Kuna kuzima kwa namna mbili, na dereva aliyekuwa kwenye usukani ndiye shahidi. Injini inayokosa mafuta huaga: inakohoa, inapungua, inajitahidi, kisha inazima. Injini inayozima kwa mara moja bila kukohoa imekatiwa umeme au imekatika mkanda wa taimingi.

Kwenye pampu kuna swichi ndogo ya sumaku inayofungua mafuta inapopata umeme. Zima kila kitu, washa ufunguo bila kupiga stata, na sikiliza: inapaswa kulia “tik”. Isipolia, pima waya wake. Waya uliooza, fyuzi iliyokatika au kiungo kilicholegea kimewahi kulaza magari mengi porini yakiwa na tangi lililojaa.

Inapolia vizuri, sikiliza stata. Injini ikizunguka haraka na kwa wepesi usio wa kawaida, bila mapigo ya kompresheni, acha mara moja. Mkanda wa taimingi umekatika, na kuendelea kuzungusha ni kugonganisha valvu na pistoni. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, hata kama kwa macho unaonekana mpya. Angalia pia kama kifuniko chake kimelowa dizeli, kwa maana sili ya mbele ya pampu ikivuja inaumwagia mkanda mafuta na kuufupishia maisha.

Moshi unasema nini

Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa, nozeli zinazodondosha, au taimingi ya pampu iliyochelewa. Mweupe unaonuka dizeli ni mafuta yasiyowaka: baridi, plagi, upepo au kompresheni iliyoshuka. Mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya silinda hedi au hedi iliyopasuka, na gari lisiendeshwe. Wa bluu ni oili inayoungua.

Kwa kompresheni, anza na kipimo cha bure: injini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikitoka kwa nguvu, na moshi, na kukirusha kifuniko ulichokiegesha, ringi zimechoka. Fundi mwenye geji ya dizeli atathibitisha: injini yenye afya husoma karibu bar 30, na ikishuka chini ya 20 hakuna pampu wala nozeli mpya itakayoiokoa. Ni heri kujua hilo kabla ya kununua nozeli.

Mafuta yenyewe

Pampu hizi hazina oili yao. Kinachozilainisha ni dizeli inayopita ndani yake, na nafasi kati ya plunja na nyumba yake ni mikroni chache tu, ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Dizeli ya sasa imepunguzwa salfa sana, kwani kuanzia 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha kiwango hadi sehemu 50 katika milioni. Hilo ni jema kwa mapafu yetu. Lakini usafishaji huo hupunguza pia utelezi wa asili wa mafuta, na viwanda huurudisha kwa kuongeza viungo maalumu. Anayechanganya mafuta ya taa anauondoa tena, na pampu husagika chuma kwa chuma.

Uchakachuaji uliumiza magari mengi. Nchini Tanzania, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianzisha kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Hatua hizo zilisaidia, lakini dizeli ya madumu ya kando ya barabara bado haina wa kuithibitisha.

Macho hayawezi kukuonesha mafuta ya taa ndani ya dizeli, ila yanaweza kukuonesha maji na uchafu. Fungua koki iliyo chini ya filta, kinga kwenye chupa nyeupe, iache hadi kesho. Maji yatashuka chini na mpaka wake utaonekana wazi, na mchanga na kutu vitalala kitako. Fanya hivyo kila mwezi, na siku yoyote taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, omba risiti, na ukikuta lori la mafuta linashusha, rudi baadaye, kwa sababu uchafu wa chini ya tangi la kituo unakuwa umetibuliwa.

Mwisho, nozeli, mwisho kabisa, pampu

Ukiwa umethibitisha hewa, kompresheni na njia ya mafuta, sasa gusa nozeli. Injini ikinguruma taratibu, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli moja, ukiwa umeifunika kwa kitambaa na umevaa miwani. Mngurumo ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili. Usipobadilika, umempata mvivu. Usiweke kidole mbele ya mafuta yanayotoka kwa shinikizo: yanatoboa ngozi, jeraha linaonekana dogo, na ndani yanaua nyama. Likitokea, hospitali ni saa hiyo hiyo.

Hamisha nozeli ya silinda mvivu kwenda silinda nzima, kwa washa mpya. Uvivu ukihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Ipelekwe kwenye mashine ionekane inafunguka kwa shinikizo gani na kama inadondosha. Uvivu ukibaki palepale, pima upya kompresheni ya silinda hiyo. Ni baada ya yote haya pampu inapostahili kushutumiwa, na hapo ishushwe na fundi mwenye benchi la kuipimia. Pampu iliyofunguliwa kwenye meza yenye vumbi na kufungwa kwa kukisia hurudi mbaya kuliko ilivyokwenda.

Cha kumwambia fundi

Fundi mzuri anapata ugumu mkubwa kutoka kwa mteja anayefika na jina la ugonjwa. Ukisema “pampu imekufa”, umemfunga macho, na ukipata asiye mwaminifu umemfungulia mlango. Mpelekee ulichokiona. “Fundi, asubuhi kipampu kinakuwa laini. Ikinyonya kwenye galoni inapanda mlima vizuri, ikirudi tangini inachoka. Moshi hakuna.” Kwa maneno hayo matatu fundi anajua aende tangini moja kwa moja, na anajua pia kwamba mwenye gari amepima.

Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, filta ilipobadilishwa, mkanda ulipobadilishwa, kituo ulichojaza, na dalili ilipoanza. Dereva akibadilika, daftari libaki. Injini hizi zilitengenezwa kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaweza kuzielewa, na kila shilingi unayoiokoa kwa kupima kabla ya kubadilisha ni shilingi ya kununulia filta halisi, mkanda halisi na dizeli safi, ambavyo ndivyo vinavyoipa pampu maisha.